Nani Atapiga Hodi Kisimani?

Mwaka huo mvua ilipita juu kwa juu kama mgeni mwenye haraka, isisimame hata kwa salamu. Mto ukageuka njia ya vumbi. Ndege wakaoga mchanga na kujidanganya kuwa wametakata. Mbavu za Punda Milia zikaonekana waziwazi kuliko milia yake.

Na maji yalikuwapo. Hilo ndilo lililouma. Mpakani mwa nchi mbili palikuwa na kisima cha chemchemi, ambacho Mola alikitoboa mwenyewe katika mwamba, wala hakuandika juu yake jina la mtu. Upande wa mawe ilikuwa nchi ya wala nyama, na mfalme wao Simba. Upande wa nyasi ilikuwa nchi ya wala majani, na mkubwa wao Nyati. Miaka mingi walikunywa kwa zamu huku wakitukanana. Kisha wakaona matusi hayatoshi, wakapigana. Siku ya vita kubwa, kishindo cha kwato na ngurumo kiling'oa jiwe kilimani, likabiringika hadi chini, likakaa juu ya mdomo wa kisima kama kifuniko juu ya chungu.

Nyati na watu wake wakalisukuma peke yao, wakavunja pembe. Simba na watu wake wakalisukuma peke yao, wakateguka mabega. Jiwe lilitaka nchi mbili kwa mpigo mmoja, na nchi mbili hazikutaka kuonana.

Mwishowe kiu ikawafunza adabu kidogo. Wakapelekeana habari kwa kinywa cha Kanga: siku itakayofuata kuandama kwa mwezi, tangu jua lichomoze hadi lichwe, wakubwa wakutane kisimani wasemezane amani, kisha jiwe lisukumwe.

Likabaki jambo moja, dogo kama mwiba, na kama mwiba likazuia mguu mzima. Ada ya nchi zote mbili ilikuwa hii: ajaye ndiye apigaye hodi, na anayekutwa ndiye mwenyeji, awe mkubwa, awe mdogo. Na wageni wa mwenyeji mmoja hawapigani mpaka waage. Ilikuwa ada njema. Wazee waliiweka ili watu wasiuane milangoni. Lakini sasa kila kinywa kikavu kilikuwa kinauliza: kati ya Simba na Nyati, nani atampigia hodi mwenzake? Na swali hilo likazaa lingine: je, watakwenda kweli?

Hapo ndipo Sungura alipotandika mkeka.

Aliutandika kando ya kichuguu, pahali ambapo njia za nchi mbili hukaribiana, akaweka kikapu cha ukili mbele yake na kuchomeka vijiti vitatu mchangani.

"Karibuni, jamani, karibuni!" aliita. "Kijiti hiki ni Simba atakwenda. Hiki ni Nyati atakwenda. Hiki cha kati, wote wawili watakwenda. Weka zamu yako ya maji penye kijiti unachokiamini. Ukikisia sawa, unarudishiwa zamu yako, na utakunywa mbele ya waliokosea. Ukikosea, zamu yako ni yangu."

"Hiyo si kamari?" aliuliza Ngiri.

"Astaghafiru! Kamari ni dhambi. Haya ni makisio."

Wanyama wakapumua. Dhambi ukiibadilisha jina huwa nyepesi kubeba, ndiyo maana sisi viumbe tunayapenda sana majina. Wakaanza kupanga mstari. Kila mmoja aling'oa unywele wake, au unyoya, au mwiba wa mgongoni, akautia kikapuni kuwa alama ya zamu yake.

"Na wewe mwenye mkeka uko kijiti gani?" aliuliza Fisi, huku amekwisha kung'oa unywele wa mkia.

"Mimi huchukua kilichobaki, kaka."

"Kilichobaki ni kipi?"

"Kwamba hatakwenda yeyote."

Wakacheka wote. Wakamwonea huruma, maana aliyebaki na makombo huonewa huruma hata kama ndiye mpishi.

Basi mkeka ukageuka baraza. Tangu asubuhi hadi jua kuchwa watu walikuwa pale, na aliyesikika kuliko wote alikuwa Nyani, ambaye asili yake ni kueleza.

"Simba atakwenda," alisema Nyani akiwa amekaa juu ya kichuguu. "Jana amechambua manyoya ya shingo. Mfalme hachambui manyoya bila safari."

"Alikuwa anatafuta kupe," akasema Ngiri.

"Kupe ndiye dalili yenyewe."

"Na Nyati je? Jana amelala kaelekea magharibi."

"Kisima kiko magharibi yake! Mwenye akili amekwisha kuelewa."

"Alikuwa anakwepa jua la asubuhi."

"Ndugu yangu Ngiri," akasema Nyani kwa upole wa kuudhi, "wewe tazama kwa macho, sisi wengine tutatazama kwa akili."

Fisi, kama ilivyo tabia yake, hakutosheka na unywele mmoja. Aliweka zamu yake kwa Simba. Akarudi na unywele wa mkewe. Akarudi na nywele za watoto. Mchana mmoja alimvizia mama mkwe wake amesinzia, akamng'oa unywele wa sikio na kutoka mbio, mama wa watu akaamka akilaani siafu.

Jambo moja halikusemwa pale mkekani. Walikisia nani atakwenda, kwa miguu ipi, kwa njia ipi, na nani nyuma yake. Hakuna aliyeuliza wakubwa wakifika watasema nini, wala nani alimkosea nani, wala nani angeanza kusema samahani.

Alikuja kuuliza Bi Chura.

Bi Chura alikaa katika kidimbwi cha mwisho kilichobaki, chini ya mteremko, mwisho wa mkondo wa zamani uliotoka kisimani. Humo mlikuwa na watoto wake, viluwiluwi, vichwa na mikia tu, miguu bado. Jana kidimbwi kilikuwa kama sinia. Leo kilikuwa kama sahani. Alifika mkekani ngozi imemkauka, akasimama mbele ya vijiti.

"Bwana Sungura, nina neno."

"Sema, Bi Chura, ila usipaaze sauti. Kelele zako hazijapata kumzuia mtu kunywa maji."

Baraza likaangua kicheko. Bi Chura akangoja wamalize.

"Nyote hapa mmekisia nani atakwenda kisimani. Nani kati yenu amekwenda kuwaomba waende?"

Kanga akakohoa. Ngiri akatazama kwato zake.

"Hilo," akasema Nyani, "si swali la watu wa makisio."

"Basi lingine. Bwana Sungura, wewe umechukua kwamba hatakwenda mtu. Asipokwenda mtu, jiwe halitaondoka. Utakunywa nini?"

Masikio ya Sungura yakasimama. Swali hilo alilijua, na jibu lake alikuwa amelificha mbali. Mpango wake ulikuwa huu: mwezi huu asiende mtu, zamu zote ziwe zake. Kisha mwezi ujao awabembeleze wakubwa mwenyewe, wakutane, jiwe liondoke, na kila mwenye kiu aje kupiga magoti mbele ya kikapu chake.

"Kuna mwezi mwingine, mama," alisema. "Subira huvuta heri."

"Wanangu hawana mwezi mwingine. Mwezi huu ukiandama, kidimbwi changu kitakuwa kama kifuu."

"Pole sana. Hebu nipishe, una wenzako nyuma."

"La mwisho. Je, akienda mwingine, ambaye hukumchomekea kijiti?"

"Mwingine nani?" Sungura akacheka mpaka akajipangusa machozi. Akasimama juu ya mkeka ili wote wamwone, kwani mjanja naye ana ugonjwa wake, na ugonjwa wake ni kupenda kutazamwa. "Nisikilizeni nyote! Siku hiyo akienda kisimani mtu nisiyemchomekea kijiti, na jiwe likaondoka, zamu zenu zote narudisha, nami nitakunywa nyuma ya kila kiumbe. Nyuma ya Tembo! Nyuma ya Fisi! Nitalamba tope!"

"Tumesikia!" wakaitika kwa pamoja, kwa utamu wa kicheko tu.

Bi Chura akarudi kwa wanawe.

Mwezi ulipokaribia kuandama, Sungura alifunga mkeka mapema, akaenda kwa Simba. Alimkuta juu ya jabali, amekonda, kidevu bado kiko juu. Kiburi hakili wala hakinywi, ndiyo maana hudumu wakati wa njaa.

"Mfalme, uishi miaka."

"Sema, Masikio."

"Nimekuja kukupa pole."

"Ya nini? Sijafiwa."

"Ya hayo mazungumzo, Mfalme. Nasikia Nyati haji mwenyewe. Atamleta ndama ambaye hata ziwa hajaacha. Ndiye utakayekaa naye kusema mambo ya vita."

Mkia wa Simba ukapiga jabali. "Nani kasema?"

"Mimi mdogo, Mfalme, husikia tu. Lakini tuseme anakuja mwenyewe. Ukimkuta kafika, itakubidi upige hodi. Simba! Kwa mla nyasi! Na ukitangulia wewe, watasema Mfalme amekimbilia kisimani kwa kiu."

"Sina kiu," akasema Simba, na ulimi wake ukakwaruza kinywani kama jani kavu.

"Nami nimewaambia hivyohivyo."

"Siendi."

"Hayo ndiyo maneno ya kifalme," akasema Sungura, akarudi kinyumenyume kwa heshima hadi alipotoka machoni pake.

Kwa Nyati hakukaa sana. Nyati asili yake ni hasira fupi na kumbukumbu ndefu, huhitaji kumsukuma, mwoneshe tu mteremko.

"Shikamoo, Mzee Nyati."

"Marahaba. Fanya haraka, nzi wananitosha."

"Simba atakwenda, mzee. Lakini majike wake watalala nyuma ya mwamba. Wewe utakuwa umeinamisha kichwa kwa adabu unapiga hodi, nao shingo wanaiona."

"Nilijua!" akanguruma Nyati, ambaye hakuwa akijua lolote. "Enzi za babu yangu walifanya vilevile! Siendi. Na hapo nilipo nitageuza mgongo, nisikione hata hicho kisima."

Sungura akashika njia akiimba. Hakufika mbali, kwani nyuma ya kichaka alikuta meno yanachekelea.

"Nimesikia, kaka," akasema Fisi. Alikuwa amejilaza chini ya jabali la Simba akingoja mifupa, kama kawaida yake, kisha akamnyatia Sungura hadi huku.

"Umesikia nini?"

"Umemzuia Mfalme asiende. Na zamu yangu, ya mke wangu, ya wanangu na ya mama mkwe ziko kwenye kijiti cha Mfalme. Nitapiga mayowe mimi."

"Usipige. Nitakupa robo ya kikapu."

"Nusu."

"Haya, nusu. Lakini kuna kazi. Siku yenyewe ukae kwenye kijia chembamba kinachopandia kisimani, uzuie. Wakubwa hawaendi, ila wanaweza kutuma mjumbe. Mjumbe yeyote wa nchi yoyote, mrudishe."

Fisi akafikiri, jambo ambalo humchosha. "Na mama mkwe wangu?"

"Mama mkwe wako atapata kiu."

"Basi tumeelewana."

Mwezi ukaandama. Kesho yake jua lilichomoza jekundu, na pale mkekani hapakuwa na pa kuweka mguu. Wote walikuwa wamekuja kuona kutoka mbali nani atakwenda. Nyani alipanda kilele cha kichuguu, akawasimulia wa chini. Upande wa mawe, hakuna kitu. Upande wa nyasi, hakuna kitu. Vumbi likipanda, watu walisimama, kumbe ni upepo. Jua likafika utosini. Sungura alijilaza mkekani, mguu juu ya mguu, kikapu kimemlalia tumboni kama mtoto.

Chini ya mteremko, kidimbwi kilikuwa kama kifuu. Viluwiluwi vilibanana humo, mgongo wa huyu juu ya tumbo la yule, na walioko pembeni walianza kukaukiwa. Bi Chura aliwamwagia unyevu wa mwisho wa ngozi yake. Kisha akawaambia, "Mama anakwenda kupiga hodi," akaanza kupanda ule mkondo mkavu, ruka, pumzika, ruka, changarawe inamchoma tumbo.

Kwenye kijia chembamba alimkuta Fisi.

"Simama! Hapapiti mjumbe hapa. Wewe umetumwa na Simba?"

"Sikutumwa."

"Na Nyati?"

"Wala."

"Mjumbe wa nani basi?"

"Wa watoto wangu."

Fisi akacheka mpaka mwangwi ukamrudia. "Hao si nchi, Bi Chura! Pita, mama, pita. Ukifika msalimie jiwe."

Akapita.

Alipofika akatega sikio juu ya jiwe, akasikia maji chini, yanacheza peke yao gizani. Akalisukuma. Mungu amrehemu, alilisukuma kweli, kwa mikono ile. Jiwe halikujua kama limeguswa. Basi akapanda juu yake, akakaa, akalia.

"Ya Mola," akalia, "uliyeyaweka maji chini na mimi juu, huwezi kuwa umenitania! Wanangu hawajapigana na mtu. Hawana pembe, hawana meno, hata miguu hawana! Ya Mola, wafungue hawa wakaidi, au uwachukue wanangu kwa upole!"

Na jiwe lile lilikuwa limefunika uwazi mkubwa. Kilio kikashuka kwenye nyufa, kikapiga kuta za kisima, kikazaliana huko chini na kurudi juu kikiwa vilio mia. Kikatoka bondeni, kikapanda upande wa mawe na upande wa nyasi.

Juu ya jabali Simba akainua kichwa. Vyura wengi hivyo? Chura halii pakavu, hilo hata mtoto wa simba analijua. "Nyati amefungua kisima!" akanguruma. "Anakunywa bila mimi!" Akaruka chini na majike wake nyuma yake.

Upande wa nyasi Nyati akageuka ghafla, mgongo ukawa uso. "Mla nyama amefungua kisima! Amewaleta watu wake, wanaogelea!" Na kundi zima likateremka likivunja vichaka.

Pale mkekani Nyani akapiga kelele, "Wanakwenda! Nilisema! Si nilisema?" Watu wote wakatimka kuwafuata, wakavikanyaga vijiti vitatu hadi havikujulikana kipi ni kipi. Sungura akaachwa amekaa, kikapu mkononi, jua bado liko juu. Akakunja mkeka, akawafuata, maana kubaki peke yake kungeonekana vibaya.

Fisi kwenye kijia aliona Simba anakuja mbio, akakumbuka kwamba kazi yake ni kuzuia wajumbe, na Simba si mjumbe. Akaingia mwibani mwenyewe, kichwa kwanza.

Simba na Nyati walitokea kwa pamoja, huyu huku, yule kule, midomo wazi. Wakasimama. Jiwe lilikuwa palepale. Hapakuwa na tone. Juu ya jiwe alikaa chura mmoja, macho mekundu kwa kulia.

Nyati akainamisha pembe. Simba akatoa makucha. Nyuma yao nchi mbili zikajaa, zikashika pumzi. Bi Chura akamtazama Mfalme, akamtazama Mzee, na woga wote ukamtoka, kwani mwenye kufiwa haogopi tena mlango.

"Kwetu sisi," akasema taratibu, "mtu akifika hupiga hodi."

Lo! Hata nzi walitua. Simba akatazama huku na huku apate wa kumuuma. Lakini kila jicho lilikuwa linamtazama yeye, na ada ni ada. Hakuambiwa apige hodi kwa Nyati. Nyati naye alikuwa nje kama yeye. Mwenyeji alikuwa yule aliyekutwa.

"Hodi," akasema Nyati chini ya pua.

"Hodi!" akasema Simba haraka. Saa moja kabla, kila mmoja alikataa kutangulia kupiga hodi. Sasa hakuna aliyetaka kuwa wa mwisho kukaribishwa. Ndivyo walivyo wakubwa, hata adabu hushindania.

"Karibuni," akasema Bi Chura. "Karibuni nyote wawili. Sina kiti. Kaeni chini."

Wakakaa. Kwa mara ya kwanza tangu vita, Simba na Nyati walikuwa wageni wa nyumba moja, na wageni wa mwenyeji mmoja hawapigani mpaka waage.

"Nami kabla hamjasema neno, nina langu la kukiri," akaendelea Bi Chura. "Tangu asubuhi nimewalaani. Wewe Mfalme nimekuombea meno yadondoke. Wewe Mzee nimekuombea upele usiofikika kwa mkia. Nisameheni. Kiu ya mtoto ina ulimi mbaya."

Nyati akakohoa. Alikuwa hajazoea kusikia mtu anaanza yeye. "Hata mimi," akasema, "nimesema mengi juu ya huyu bwana. Mengine hayakuwa kweli." Akamgeukia Simba. "Lakini kwa nini hukuja asubuhi?"

"Nije kusema na ndama wako anayenyonya?"

"Ndama gani? Wewe ndiye uliyewaficha majike nyuma ya mwamba!"

"Majike wangu hawa hapa, walikuwa wamelala kwa kiu tangu jana! Nani kakwambia?"

"Sungura."

"Hata mimi, Sungura ndiye aliyeniambia."

Vichwa vyote vikageuka. Sungura alikuwa nyuma kabisa, anajifunika mkeka.

"Mfalme!" akalia Fisi kutoka mwibani. "Mimi sikujua lolote! Mimi nilipewa nusu tu!"

Hakuna aliyemwuliza zaidi. Bi Chura akateremka kutoka juu ya jiwe. "Tutasemezana kuhusu Sungura baadaye," akasema. "Wanangu wako kwenye kifuu."

Nyati akaweka paji la uso upande wake, na Simba bega upande wake. Nyuma yao wakajipanga pundamilia na chui, swala na mbwamwitu, pua za hawa karibu na mikia ya wale. Wakasukuma kwa mpigo mmoja. Jiwe likaguna, likanyanyuka ukingo, likabiringika. Na maji yaliyofungiwa muda wote huo yakafurika, yakashuka ule mkondo mkavu yakisukuma vumbi mbele, na Bi Chura anaruka kando yake akishindana nayo, akiwaita wanawe kwa majina.

Hakuwakuta wote. Wa pembeni hawakungoja. Lakini maji yalipoingia kidimbwini, mikia mingi ilitikisika. Akawahesabu akakoma njiani, akasema alhamdulillahi kwa waliopo, na wasiokuwapo akamwachia Mwenyewe.

Huko juu kila mtu alichukua unywele wake kikapuni. Unywele wa mama mkwe wa Fisi haukuonekana haraka, na mwenyewe alikuwa amesimama pale, sikio moja lina kipara, ana maswali yake. Kisha nchi mbili zikanywa, na nchi mbili zilikuwa na kiu ya mwaka. Tembo akanywa. Fisi akanywa. Kila kiumbe akanywa, na Sungura nyuma yao wote, kama alivyosema kwa kinywa chake juu ya mkeka wake. Zamu yake ilipofika, kisima kilikuwa kimeshuka hadi tope. Akainama ukingoni alambe. Akainama zaidi. Akateleza, akaingia puu!

"Jamani!" ikatoka sauti chini. "Jamani, nitoeni!"

Wakajaa kuzunguka kisima. Nyani akachomeka vijiti vitatu mchangani. "Hiki ni atatoka," akasema. "Hiki ni hatatoka. Hiki cha kati ni atatoka bila masikio."

"Mimi naweka mkia kwamba hatatoka," akasema Fisi.

Bi Chura alikuwa amerudi kutoka kidimbwini. Akavitazama vijiti, akawatazama wenye vijiti.

"Nyote mnakisia atatoka au hatatoka," akasema. "Nani amemshushia kamba?"

Kanga akakohoa.

Bi Chura akaketi ukingoni, akangoja, kwani yeye hakuwa na kamba, wala mkono wa kuivuta. Chemchemi ikaanza kujaa tena polepole, kwa kudura ya Mola, ikamwinua Sungura kidogo kidogo, amelowa, tope hadi masikioni, hadi pua yake ikafika ukingo wa mwamba. Hapo akakutana uso kwa uso na Bi Chura aliyekaa kama mwenye nyumba.

Sungura akamtazama. Ajaye ndiye apigaye hodi.

"Hodi," akasema Sungura kwa sauti nyembamba.

Bi Chura akamwacha angoje kidogo, kiasi cha kumfanya akumbuke. Kisha akasema, "Karibu."

Nasi tuliosikia habari hii turudi nayo majumbani mwetu, tukijua kwamba mchimba kisima huingia mwenyewe.